Bei ya Umbali: Ukame, Mafuta na Njia ya Chakula baina ya Dar es Salaam na Kamina, 1973–1976

1.0 Utangulizi

Wanahistoria wa uchumi wa Afrika ya Mashariki na ya Kati wanapoifikia miaka ya 1970 hukabiliwa na swali moja ambalo jawabu lake halijawaridhisha wote: je, dhiki iliyowapata wananchi katika miaka ile ilitokana na mbingu iliyokataa kunyesha, au na bei ya mafuta iliyopandishwa mbali na kwao, au na maamuzi ya watawala wao wenyewe? Kila jawabu lina watetezi wake, na kila mtetezi ana mtu wa kumwondolea lawama. Anayelaumu mvua huwasamehe viongozi. Anayewalaumu viongozi huisahau mvua. Na anayelaumu mafuta huwasamehe wote wawili.

Makala haya hayakusudii kumaliza mjadala huo. Yanakusudia kuutazama kwa kufuata njia moja tu ya usafiri, ambayo haielezwi mara nyingi kama njia moja: reli inayoanzia bandari ya Dar es Salaam hadi Kigoma, kisha meli za Ziwa Tanganyika hadi Kalemie, kisha reli tena kupitia Kabalo hadi njia panda ya Kamina, mji ambao tangu 2015 ni makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ncha hizi mbili za njia moja zilipata msukosuko wa mafuta kwa wakati mmoja. Ncha ya mashariki ilipata pia ukame mkali. Katika ncha ya magharibi habari kuu haikuwa ukame, lakini huko nako bidhaa ziliadimika na bei zikapanda. Tofauti hiyo ndiyo inayotupa nafasi ya kutenganisha sababu na sababu.

Hoja itakayojengwa ni hii: msiba wa asili peke yake hauleti njaa wala ughali. Huvileta pale unapokutana na umbali; na katika nchi isiyochimba mafuta yake yenyewe, bei ya mafuta ndiyo bei ya umbali.

2.0 Kamina, njia panda ya reli

Kamina haukuanza kuwa mji mkubwa kwa sababu ya madini. Machimbo ya shaba yako kusini yake, Kolwezi, Likasi na Lubumbashi. Ukubwa wake uliletwa na reli. Kampuni ya reli iliyojulikana kwa herufi BCK iliifikisha njia yake kutoka kusini hadi Bukama, kwenye mto Lualaba, mwaka 1918. Mwaka 1928 njia ya kutoka Bukama hadi Port-Francqui, mji uitwao leo Ilebo, ilikamilika. Urefu wake ulizidi kilomita 1,100 na Kamina ilikuwa juu yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia Wabelgiji walijenga hapo kambi kubwa ya kijeshi yenye uwanja wa ndege. Hatimaye, mwaka 1956, reli ya Kamina hadi Kabalo iliunganisha mfumo wa kusini na ule wa mashariki unaokwenda Kalemie, ulioitwa Albertville wakati huo. Tangu hapo mzigo uliweza kutoka Katanga hadi Bahari ya Hindi kwa kupitia Kigoma, ambako reli ya Dar es Salaam ilikuwa imefika tangu 1914.

Wabelgiji walikuwa wameitambua thamani ya mlango huo mapema. Kwa mkataba wa 1921 Waingereza waliwapa maeneo ya kupakia na kupakulia mizigo katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma, maeneo yaliyokuja kujulikana kama Belbase. Kwa hiyo, mtu anapozungumzia Kamina na Dar es Salaam katika sentensi moja hafanyi ulinganisho wa kubahatisha. Anazungumzia ncha mbili za njia iliyopangwa.

Jambo moja la kiufundi lahitaji kutajwa hapa, kwani litatufaa baadaye. Reli ya kusini mwa Katanga huendeshwa kwa umeme unaotoka katika maporomoko ya maji, yakiwemo mabwawa ya Nzilo na Nseke kwenye Lualaba. Umeme huo unafika Kamina na kukomea hapo. Kutoka Kamina kwenda Ilebo, na kutoka Kamina kwenda Kabalo, treni huvutwa kwa injini za dizeli. Kamina, basi, ni njia panda kwa maana mbili. Reli zinakutana hapo, na hapo hapo nguvu ya maji ya nchi yenyewe inaipisha nguvu ya mafuta yanayotoka mbali.

3.0 Mafuta yapanda bei

Vita vya Mashariki ya Kati vilizuka tarehe 6 Oktoba 1973. Kabla ya mwezi huo bei rasmi ya pipa la mafuta ghafi ya Ghuba ilikuwa dola 3 hivi. Katikati ya Oktoba ilipandishwa hadi dola 5.12, na tarehe 1 Januari 1974 ikawa dola 11.65. Ndani ya miezi mitatu bei ilikaribia kuongezeka mara nne.

Yafaa tuwe waangalifu hapa. Mafuta ghafi yakipanda mara nne haina maana kwamba petroli nayo hupanda mara nne kwa mnunuzi wa kawaida, kwa kuwa ndani ya bei ya lita moja mna kodi, gharama za kusafisha, uchukuzi na faida ya muuzaji. Lakini kwa taifa linalolipa kwa fedha za kigeni hesabu ni nyingine. Taifa hulipa pipa zima kwa bei ya pipa zima, na hulilipia kwa kahawa, pamba, katani au shaba. Swali la mkulima huwa ni petroli imepanda kwa senti ngapi. Swali la hazina huwa ni magunia mangapi zaidi ya kahawa yauzwe ili kiasi kile kile cha mafuta kiingie bandarini.

Tanzania ilikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1966, na bomba la TAZAMA lililopeleka mafuta hadi Ndola, Zambia, tangu 1968. Vyote viwili vilitegemea mafuta ghafi kutoka nje. Zaire nayo, kama Kongo ilivyoitwa kati ya 1971 na 1997, ilianza kuchimba mafuta ya baharini mwaka 1975. Lakini visima vile viko pwani ya Atlantiki, upande wa pili wa nchi. Kwa mtu wa Kamina, nchi yake ilikuwa imeanza kutoa mafuta huku yeye akiendelea kuwa mbali nayo kama mtu wa nchi nyingine.

4.0 Mvua yakosekana

Misimu ya 1973/74 na 1974/75 ilikuwa mibaya katika sehemu kubwa ya Tanzania. Haikuwa peke yake: katika miaka hiyo hiyo ukanda wa Sahel na jimbo la Wollo nchini Ethiopia vilikuwa katika njaa kubwa. Akiba ya mahindi ya serikali ilipungua haraka, na Shirika la Usagishaji la Taifa, ambalo wengi walilijua kwa herufi NMC, likalazimika kununua nje. Katika msimu wa 1974/75 peke yake ziliingizwa zaidi ya tani 300,000 za mahindi.

Wakati wenyewe ulikuwa mbaya kwa mnunuzi. Tangu Umoja wa Kisovyeti uliponunua nafaka kwa wingi mwaka 1972, bei za ngano na mahindi katika soko la dunia zilikuwa zimepanda sana. Kwa hiyo Tanzania iliingia sokoni kununua vitu viwili kwa pamoja, mafuta na chakula, wakati vyote viwili vilikuwa ghali kuliko vilivyopata kuwa katika miaka mingi. Na hata kile chakula kilichonunuliwa kilihitaji mafuta ili kitoke bandarini kiende Dodoma, Singida au Shinyanga. Msiba mmoja uliukuza mwingine: ukosefu wa mvua uliongeza hitaji la uchukuzi, na bei ya mafuta ikaongeza gharama ya kila kilomita ya uchukuzi huo. Mbolea pia, ambayo viwanda vyake hutegemea mafuta na gesi, ilipanda bei katika wakati ule ule serikali ilipokuwa ikihimiza watu waongeze mavuno.

Serikali iliitikia kwa kampeni iliyoitwa "Kilimo cha Kufa na Kupona". Wafanyakazi wa mijini walitakiwa walime, viwanja vya taasisi vikapandwa mahindi, na ikahimizwa mihogo na mtama, mazao yanayostahimili ukame. Jina la kampeni lenyewe ni hati ya kihistoria: laonyesha kwamba viongozi waliiona hali kuwa ya vita.

Hapana budi kueleza jambo la tatu lililotokea wakati huo huo. Mnamo Novemba 1973 Rais Julius Nyerere alitangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia katika vijiji vya pamoja. Operesheni hiyo ilihamisha mamilioni ya watu, wengine kwa nguvu, na katika baadhi ya sehemu ilifanyika karibu na msimu wa kulima. Hapo ndipo mjadala ulipoanza. Mwaka 1978 Michael Lofchie, mtaalamu wa siasa kutoka Marekani, alitetea rai kwamba upungufu wa chakula ulisababishwa hasa na uhamishaji huo. Wapinzani wa rai hiyo walisema kwamba mavuno yalikwisha kuanza kushuka kabla ya sehemu nyingi kufikiwa na operesheni, na kwamba mvua zilipokuwa nzuri tena baada ya 1975 uagizaji wa nafaka ulipungua sana ingawa watu walikuwa bado katika vijiji vipya.

Kwa maoni ya mwandishi, pande zote mbili zina udhaifu mmoja: zinategemea takwimu za mahindi yaliyouzwa kwa shirika la serikali. Takwimu hizo hazihesabu mahindi yaliyolimwa. Zinahesabu mahindi yaliyofika ghalani. Mkulima aliyeona bei ya serikali ni ndogo alikuwa na njia tatu: kuyala, kuyaficha, au kuyauza kwa magendo. Kwa hiyo sehemu ya kile kilichoonekana kuwa ukame ilikuwa kimya cha mkulima. Kuitenga sehemu hiyo na ile ya mvua si rahisi, lakini kutoitaja kabisa ni kosa.

5.0 Bei moja nchi nzima

Kuanzia msimu wa 1974/75 serikali ya Tanzania iliweka bei moja ya kununulia mahindi nchi nzima, na ikaipandisha bei hiyo kwa kiasi kikubwa katika misimu iliyofuata. Nia yake ilikuwa ya haki: kwa nini mkulima wa Sumbawanga apate kidogo kuliko mkulima wa Morogoro kwa sababu tu alizaliwa mbali na Dar es Salaam? Mkulima aliitikia. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 mikoa minne ya nyanda za juu za kusini, yaani Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma, ilikuwa imekuwa ghala kubwa la mahindi ya serikali.

Lakini bei moja haikuufuta umbali. Iliuhamisha tu kutoka katika mfuko wa mkulima hadi katika daftari la shirika. Tutoe mfano wa hesabu, si wa takwimu za wakati ule bali wa kuonyesha jinsi jambo lenyewe linavyofanya kazi. Tuseme lori linabeba tani 7 za mahindi, yaani magunia 77 hivi ya kilo 90, na linakula lita 35 kwa kila kilomita 100. Likienda kilomita 1,000 kuchukua mahindi na kurudi, limetumia lita 700, yaani lita 9 kwa kila gunia. Likichukua mahindi umbali wa kilomita 100 tu, limetumia chini ya lita 1 kwa gunia. Mafuta yakiwa rahisi, tofauti hiyo ya lita 8 inavumilika. Mafuta yakipanda bei mara mbili au tatu, tofauti hiyo hiyo inaweza kula sehemu kubwa ya thamani ya mahindi yenyewe, tena kabla hatujahesabu matairi, vipuri na barabara mbovu.

Sera iliyokusudiwa kuondoa dhuluma ya umbali ilitungwa, basi, katika mwaka ule ule ambao umbali ulipanda bei kuliko wakati wowote. Shirika lililobeba tofauti hiyo lilizama katika madeni ya benki ambayo hatimaye yalibebwa na taifa zima. Haitoshi kusema kwamba sera ilikuwa njema au mbaya. Ilikuwa sera iliyojengwa juu ya mafuta ya bei ya jana.

Kinaya ni kwamba nafuu ya muda ilitokana na msiba wa asili wa watu wengine. Mnamo Julai 1975 baridi kali iliangamiza mikahawa ya Brazil, bei ya kahawa ikapanda sana duniani katika 1976 na 1977, na Tanzania, ambayo huuza kahawa, ikapata fedha za kigeni. Nafuu hiyo haikudumu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mwaka 1978 na 1979 vikaja vita vya Kagera. Na mwaka 1979 bei ya mafuta ikapaa kwa mara ya pili.

6.0 Upande wa Kamina

Sasa tuvuke ziwa. Kama ukame ndio uliokuwa sababu kuu ya dhiki ya miaka ile, tungetarajia kwamba nchi ambayo habari yake kuu haikuwa ukame ingeivuka kwa urahisi. Mambo hayakuwa hivyo.

Tarehe 30 Novemba 1973, katika mwezi ule ule ambao Nyerere alitangaza mwisho wa kuhamia vijijini, Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara nyingi za wageni zingekabidhiwa kwa raia wa Zaire. Wengi wa wageni hao, Wagiriki, Wareno na Wahindi, ndio waliokuwa wakinunua mahindi na mihogo vijijini na kuyabadilisha kwa chumvi, nguo na sabuni. Waliopewa biashara hizo aghalabu hawakuwa na mtaji wala uhusiano na wauzaji wa jumla. Wengine waliuza kilichokuwamo dukani na kufunga mlango. Mkulima akakosa wa kumuuzia, na akakosa cha kununua.

Kisha shaba ikaanguka. Bei yake, iliyofikia kilele katika miezi ya kwanza ya 1974, ilishuka hadi chini ya nusu kufikia mwanzo wa 1975. Nchi iliyokuwa ikilipia mafuta kwa shaba ilijikuta mafuta yamepanda na shaba imeshuka. Mwaka 1975 ilianza kushindwa kulipa madeni yake ya nje, na Machi 1976 ikaishusha thamani ya sarafu yake.

Pigo la tatu ndilo lililoigusa Kamina moja kwa moja. Mnamo Agosti 1975 vita vya Angola viliifunga reli ya Benguela, iliyokuwa njia fupi ya kupeleka shaba katika bandari ya Lobito. Sehemu kubwa ya mzigo ililazimika kutafuta njia nyingine: kusini, mashariki kupitia Kigoma na Dar es Salaam, na zaidi ya yote ile iliyoitwa njia ya taifa, yaani reli kutoka Lubumbashi hadi Ilebo kupitia Kamina, kisha majahazi ya mto Kasai hadi Kinshasa, kisha reli tena hadi Matadi. Njia hiyo ina urefu wa takriban kilomita 2,700, na mzigo hupakuliwa na kupakiwa upya mara mbili.

Hapa tukumbuke lile jambo la kiufundi. Kutoka machimboni hadi Kamina shaba ilivutwa kwa umeme wa maporomoko. Kutoka Kamina kwenda mbele ilivutwa kwa dizeli. Kufungwa kwa reli ya Benguela kulikuwa na maana kwamba nchi ililazimika kuipitisha mali yake kuu katika njia ndefu yenye kiu ya mafuta, wakati ambapo mafuta yalikuwa yamepanda bei na fedha za kuyalipia zimepungua. Shirika jipya la reli la taifa, lililoundwa mwaka 1974 kwa kuyaunganisha yale ya zamani, lilianza maisha yake katika hali hiyo.

Ni nini kilichompata mtu wa kawaida? Reli ya Kamina haikubeba shaba tu. Mahindi ya Kaniama na samaki wakavu wa mabwawa ya Upemba, kutoka Bukama na sehemu za Malemba Nkulu, vilikwenda kulisha miji ya machimbo kwa njia hiyo hiyo ya reli. Mabehewa na injini zilipokuwa chache, na shaba ikawa ndiyo inayoleta fedha za kigeni, chakula hakikuweza kushindana nayo. Kiliweza kuoza mahali kilipolimwa huku mijini kikiuzwa ghali. Ndiyo maana mtu hawezi kuyaeleza mateso ya miaka ile kwa kutazama mawingu tu. Mahindi yanaweza kuwapo shambani na njaa ikawapo mjini, na kati yao pakawa na kilomita mia tano zisizo na dizeli.

7.0 Ushahidi wa msamiati

Lugha huhifadhi kile ambacho takwimu hukisahau. Msamiati wa Kiswahili wa miaka hiyo na iliyofuata ni kumbukumbu ya dhiki tunayoizungumzia, na wastahili kuchunguzwa kwa uzito.

Nchini Tanzania neno "kulangua" na lile la mtendaji wake, "mlanguzi", yalitoka katika matumizi ya biashara ya kawaida yakawa maneno ya lawama ya kitaifa, hata mwaka 1983 serikali ilipoanzisha msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. "Foleni" na "kibali" yakawa maneno ya kila siku. Unga wa mahindi ya njano uliotoka ng'ambo ukaitwa "unga wa Yanga", kwa rangi ya jezi za klabu hiyo ya mpira. Utani huo ulikuwa na uchungu ndani yake: mtu aliyezoea sembe nyeupe alikula alichopewa, na silaha pekee aliyobaki nayo ni kukipa jina. Uganda nayo, baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, ilizaa jina "mafuta mingi" kwa matajiri wapya waliogawiwa maduka. Katika jina hilo mafuta si petroli, ni unono. Lakini si bure kwamba neno hilo hilo ndilo lililochaguliwa.

Kongo inatupa jambo jingine la kufikirisha. Kwa msemaji wa Dar es Salaam "petroli" ni mafuta ya gari. Kwa msemaji wa Kamina au Lubumbashi, ambaye ameyapata maneno hayo kwa Kifaransa, petroli ni mafuta ya taa. Ya gari ni "esanse", na dizeli ni "mazuti". Wasemaji wawili wa lugha moja, katika ncha mbili za reli moja, wanaweza kuulizana bei ya petroli na kila mmoja akajibu juu ya kitu kingine. Katika miaka ya baadaye miji ya Kongo ilizaa jina la "Kadhafi" kwa muuzaji wa mafuta ya kando ya barabara, mwenye madumu na chupa zake, kwa kumbukumbu ya kiongozi wa Libya, nchi yenye visima. Kadhafi ni mwana wa kituo kisicho na mafuta. Anapoonekana kila pembe, mtafiti ajue kwamba njia rasmi imekatika mahali fulani.

8.0 Kipimo cha baadaye: Goma

Hoja hii yaweza kupimwa kwa tukio la karibu zaidi. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulilipuka na lava ikapita katikati ya mji wa Goma hadi Ziwa Kivu. Watu wapatao laki kadhaa walikimbilia Rwanda, sehemu ya kiwanja cha ndege ikafunikwa, na makumi ya maelfu wakakosa makazi. Siku nne baadaye, tarehe 21 Januari, kituo kimoja cha mafuta kilicholizwa na mawe yaliyokuwa bado ya moto kililipuka. Makumi ya watu walikufa. Walikuwa wameingia kuchota mafuta.

Wengine watasema walikuwa wezi. Mwanahistoria atauliza kwanza dumu moja la mafuta lilikuwa na thamani gani kwa mtu aliyepoteza nyumba, duka na akiba katika mji uliopata mafuta yake kwa barabara ndefu zinazotoka bahari ya mashariki. Volkano haikuwaua watu wale siku ya 17. Iliwaacha hai katika hali ambayo mafuta yaliwashinda moto kwa thamani. Na mlima ulipolipuka tena tarehe 22 Mei 2021, lava iliikata barabara ya Goma kwenda Rutshuru, njia ya kuleta chakula mjini. Kwa mara nyingine, msiba ulipimwa kwa kilichokatika njiani na pia kwa kilichoungua.

9.0 Hitimisho

Tumeona kwamba Tanzania ilipata ukame na mafuta ghali kwa pamoja. Kwamba sera yake ya bei moja, iliyokuwa na nia ya haki, iliwekwa juu ya umbali ambao ghafla ulikuwa ghali. Na kwamba Shaba, ambayo habari yake kuu haikuwa ukame, iliangukia katika uhaba unaofanana kwa sababu njia zake zilirefuka, wachuuzi wake walifukuzwa na mafuta yake yalilipiwa kwa shaba iliyoanguka. Mvua ilikuwa sababu, lakini haikuwa sababu ya kutosha. Maamuzi ya watawala yalikuwa sababu, lakini madhara yake yalizidishwa na kila lita iliyochomwa njiani.

Ipo faida ya kusomea historia hii kutoka Kamina badala ya kutoka mji mkuu. Mji mkuu huiona bei ya mafuta kama tarakimu katika bajeti. Kamina huiona kama treni iliyofika au ambayo haikufika. Hapo umeme unakoma na dizeli inaanza, na hapo mwananchi anajua, pasipo kusomea uchumi, kwamba gunia la mahindi lina bei mbili: bei ya shamba na bei ya njia. Ukame huipandisha ya kwanza kwa msimu mmoja au miwili. Ya pili hubaki juu hata mvua inaponyesha.

Kazi inayosalia ni ya watafiti wa Kiswahili wenyewe. Hati za mashirika zimeandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, lakini waliosimama katika foleni za Tabora na waliongoja treni katika stesheni za Kabalo na Kamina walinong'ona, waliteta na kutaniana kwa Kiswahili. Wengi wao sasa ni wazee. Masimulizi yao yasipokusanywa, tutabaki na bei ya pipa katika soko la dunia, tusijue bei ya kibaba katika soko la mtaani.